Homa ya Imani na Kelele Zangu

Jumatatu, 7 Julai 2025

Kesho mwanetu Imani anachanjwa tena. Chanjo iliyopita mtoto alichemka hadi nikashindwa kushona. Nilimkatia mteja suruali yenye mguu mmoja mfupi. Safari hii nimejipanga.

Asubuhi nimemwambia mke wangu, Maimuna, kwamba nesi Scholastica amekwenda semina Lindi, zahanati haichanji wiki hii. Maimuna ameniangalia kidogo, akasema basi atafua nguo. Nimerudi kwenye cherehani, roho nyeupe.

Kabla ya adhuhuri nesi Scholastica mwenyewe ametokea barazani kwangu. Zipu ya gauni lake la kazi imeng'oka. Nimeshtuka, sindano ikanipata kidole. Maimuna alikuwa anaanika. Wakasalimiana vizuri sana. Maimuna akamuuliza semina ilikwendaje. Nesi akauliza semina gani.

Nimeshona zipu bila kuinua kichwa. Maimuna amesema kesho tunakwenda wote, na mtoto nitambeba mimi.

Jumanne, 8 Julai

Zahanati imejaa kina mama. Wanaume tulikuwa wawili: mimi na Iddi, jirani yangu muuza mkaa, ambaye mwanawe ni rika moja na Imani. Iddi amekuja kwa kujidai tu. Najua.

Nesi alitukalisha kwenye benchi akatueleza. Baada ya sindano mtoto anaweza kuchemka, paja likavimba, akalialia. Ni kawaida. Anyonyeshwe mara nyingi. Mahali pa sindano pasikandwe, pasipakwe kitu. Dawa ya homa atatupa yeye na kipimo chake. Lakini mtoto akishikwa degedege, au akikataa kunyonya, au homa ikigoma kushuka, arudishwe haraka.

Baada ya neno degedege sikusikia lingine.

Kumbe sindano si moja. Paja la kulia, paja la kushoto, na matone mdomoni juu yake. Mara iliyopita nilibaki nyumbani, hakuna aliyeniambia. Imani alipiga ukelele, akaniangalia mimi, si nesi. Kama vile nimemuuza. Nilishika ukuta. Mama mmoja akanipisha kwenye benchi.

Mtoto wa Iddi alilia kidogo tu, halafu akacheka. Iddi akasema huyo kafuata ukoo.

Jioni Imani ameanza kuchemka. Kwa bahati mama mkwe, Bi Mwanaasha, ameingia kutoka Miteja na mzigo wa mihogo. Nikafurahi. Mzee wa Miteja hakosi jani la kila ugonjwa. Nikampa shikamoo yake, akaitikia, nikamnong'oneza kama hana kitu cha kupaka. Akauliza nesi amesemaje. Nikamwambia nesi kakataza.

"Basi umeshajibiwa, baba," akasema, akaendelea kumenya mihogo.

Mama mkwe na nesi lao moja.

Nikasubiri waingie kwenye swala ya magharibi. Nikachukua kitambaa cha moto chenye mafuta ya nazi, nikanyata hadi kitandani. Sikuwa hata nimemgusa, Imani akalia. Mama mkwe akatoa salamu ya mwisho, akageuka, akanyoosha mkono nimpe kitambaa. Amekifutia meza.

Jumatano, 9 Julai

Ya leo nayaandika hivyo hivyo.

Asubuhi Imani alikuwa kama pasi. Wakampa dawa kwa kipimo cha nesi, akanyonya, akalala. Maimuna na mama yake wakaenda bombani kuteka maji. Nikaachiwa agizo moja: mtoto amelala, usimguse.

Nilimgusa. Paji la uso lilikuwa baridi, limelowa. Nikainua mkono wake, ukaanguka wenyewe. Nikamwita jina. Kimya. Nikamwita tena karibu na sikio. Kimya.

Sikumbuki nilivyofika barabarani. Nilisikia mtu anapiga kelele, nikagundua ni mimi. Iddi akaacha gunia lake katikati ya njia.

"Imani hayupo," nikamwambia.

"Hayupo, kaenda wapi?"

"Hayupo, Iddi."

Akanielewa. Akanikumbatia, na huyu ni mtu ambaye tangu Ramadhani tunasalimiana kwa kidevu.

Watu wa Kivinje kwenye msiba hawangoji kuitwa mara mbili. Iddi hajaniachia, mikeka imeshatandikwa. Kina mama wameketi, kanga vichwani. Vijana wanafunga turubai, Iddi kashika kamba ya pembeni. Chungu kimeshapanda jikoni kwa jirani. Mtu akaniinamia akaniuliza kwa upole kama tutamlaza karibu na babu yake. Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo. Ndani hakuingia mtu. Walisema mama yake aje kwanza, ndiye wa kumfunua.

Kisha Maimuna akatokea kwenye kona na ndoo kichwani.

Aliliona turubai. Aliona mikeka. Ndoo ilidondoka ikamwagika yote, naye akapita katikati ya watu kama hakuna mtu. Uso wake sitauandika. Sijawahi kuuona uso ule, na sitaki kuuona tena. Nyuma yake mama mkwe alikuwa anamtaja Mungu kwa sauti ndogo.

Maimuna alipofika mlangoni, Imani akalia. Kilio kikubwa, cha njaa.

Iddi akaachia kamba, turubai likawashukia kina mama.

Maimuna alimnyonyesha amekaa sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, mabega yanacheza. Nilisimama mlangoni. Nikamwambia alikuwa baridi.

"Homa ilishuka, Dadi," akasema. "Homa ikishuka mtu anakuwa baridi."

Nikamwambia nilimwita, hakuitika.

"Alikuwa usingizini. Usiku kucha hakulala. Toka."

Nikatoka. Nje watu walikuwa wanakula. Wali ulishaiva, usingeweza kumwagwa.

Ijumaa, 11 Julai

Mtoto mzima kabisa. Paja limeshuka, ananyonya, anacheka na mihogo.

Mimi ndiye mgonjwa. Nikipita, watu wananipa pole huku wanauma midomo. Msikitini kijana mmoja kaniuliza kama leo kuna wali. Nimeswali safu ya nyuma.

Alasiri nesi Scholastica amekuja. Nikadhani zipu. Hakuwa na habari ya zipu. Alikataa kiti. Alisema jana walikwenda Miteja na huduma ya mkoba, kuchanja watoto wa kule, wakakaa chini ya paa la ofisi ya kijiji mpaka jua likazama. Hakuna mama aliyekuja. Hata mmoja. Habari ilikuwa imewatangulia: Kivinje mtoto wa fundi Dadi kachomwa sindano akafa.

Nikamwambia lakini hakufa.

"Wewe unajua. Mimi najua. Miteja wanajua amezikwa karibu na babu yake."

Akasema mwaka alioanza kazi aliona kijiji kinaacha chanjo kwa uvumi mdogo kuliko huu, halafu surua ikaingia. Alisimulia kwa ufupi. Hakuna aliyetaka asimulie kwa urefu. Maimuna alikuwa amesimama mlangoni na Imani begani. Akasema yeye yuko tayari, na mimi pia niko tayari. Sikuwa nimeulizwa.

Jumatatu, 14 Julai

Miteja. Nimembeba Imani mbele ya umati. Nimemwinua juu wote wamwone. Amenitapikia maziwa kwenye shati.

Nilidhani hiyo inatosha. Haikutosha. Mwanamke mmoja, Esha, mwenye mtoto wake mgongoni, akasema wazi kwamba mtoto anaweza kuwa mwingine, watu wa Kivinje wanaazimana vitu. Wengine wakaitikia. Nesi akaniangalia. Mtu unathibitishaje kwamba mwanao ni mwanao?

Mama mkwe akasimama.

"Esha, mimi nilikufunga kanga ulipozaliwa wewe. Mjukuu wangu nisimjue?" Akaenda mpaka mbele yake. "Aliyetangaza msiba ni huyu mkwe wangu. Alimkuta mtoto kalala."

"Kalala tu?" Esha akauliza.

"Kalala tu."

Umati wote ukanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nikatikisa kichwa kukubali. Nikasema kwa sauti kwamba mtoto alikuwa hai wakati wote, na mjinga ni mimi. Kicheko kilichotoka pale kimefika mikoroshoni. Esha akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akamshusha mwanawe mgongoni na kukaa kwenye benchi. Wenzake wakafuata. Benchi likajaa, nesi akawa hana pa kupitisha mkono.

Nikaona nimefaa. Nikaanza kupita kwenye foleni nikiwapa moyo. Msiogope, nikawaambia, homa ni kitu kidogo, sindano ni kitu kidogo, mtu mzima hababaiki. Nikawa narudi nyumanyuma ili wa mwisho pia wanisikie. Nikakanyaga ubao wenye msumari wa kutu. Ukapita ndala, ukaingia.

Nesi alisafisha kidonda. Akauliza mara ya mwisho nilichanjwa lini pepopunda. Sijui. Akasema kwenye kasha lake la chanjo ipo.

Kina mama wote wa Miteja wakaacha mazungumzo. Nikakaa kwenye benchi katikati ya watoto. Nilikunja mkono wa shati. Esha akasema baadaye kwamba nililia. Ni jasho.

Jumanne, 15 Julai

Mkono umevimba pale pale pa sindano. Unauma. Mwili una joto. Nesi alisema itakuwa hivyo na itakwisha, lakini yeye hakuwemo ndani ya mkono huu.

Nimemwambia Maimuna. Amesema ni kawaida, ninywe panadoli, nikae kivulini. Mama mkwe amesema hivyo hivyo, bila hata kuniangalia. Nyumba nzima hakuna mwenye uchungu na mimi.

Nikampigia kaka yangu Likwata, yuko Rasbura kule Lindi. Nilitaka tu ajue. Nikamwambia nimechomwa sindano, hali yangu si nzuri, na kama nimemkosea chochote anisamehe. Simu ikakatika, chaji imeisha.

Baadaye nimekunywa panadoli. Nimekula muhogo na samaki, nikaongeza. Joto limeshuka, mkono nauinua vizuri.

Nimewasha simu sasa hivi. Kuna ujumbe wa Likwata. Amewaambia shangazi wote, wamekodi gari, wanakuja na sanda. Wamepita Mchinga.

Maimuna hajui. Nimeshapanda kitandani, nimejifunika shuka mpaka kidevuni. Wakinikuta nimekaa barazani nashona, nitaonekana muongo.