Chuma Kilichobaki Kwenye Sinia

Jumatatu, 5 Novemba 1956

Mchungaji Omolo ametangaza: kanisa linatafuta mwinjilisti wa kwenda Subukia. Nyumba ya vyumba vitatu, na shamba dogo! Mke wangu Naliaka ataondoka katika chumba hiki kimoja cha wafanyakazi wa reli hapa Nakuru, ambamo tunapikia miguuni pa kitanda. Sharti ni kuwa na chombo cha kusafiria. Tumebaki wawili tunaoiomba kazi hii. Kiprugut ana baiskeli. Mimi nina pikipiki ya Kiingereza niliyoachiwa na Mzungu wa Gilgil alipohama. Kwa sasa injini yake yote imo kwenye sinia la Naliaka. Jumapili ya mavuno wazee watatutazama tukiendesha. Baiskeli! Namhurumia.

Jumatano, 7 Novemba

Ringi za pistoni, zile pete za chuma, ni kaidi. Ukiibana hii, ile inafunguka. Nimezifunga kwa uzi wa Naliaka, silinda ikashuka vizuri sana, uzi ukabaki ndani. Nikafungua tena. Ringi moja ikarukia ugali. Naliaka ameuliza sinia lake litarudi lini. Nimemwambia Subukia nitamnunulia masinia. Baadaye nikamsikia akimweleza jirani kwamba huko atapanda kabeji. Nikaogopa kidogo.

Jumamosi, 10 Novemba

Imekwisha! Ila kuna kichuma kimebaki kwenye sinia, chembamba, umbo la nusu mwezi, kidogo kuliko kucha yangu. Kiprugut alipita, eti kunisalimu. Akakitazama, akasema hicho ndicho hushika gurudumu la sumaku lisihame, na bila hicho moto wa injini hupiga wakati usiofaa. Nikamshukuru kwa heshima zote. Mtu wa baiskeli! Anataka nifungue upya, kesho nifike kanisani nikiwa hoi. Nimekaza nati kwa nguvu zangu zote. Sikuiwasha, nisimalize petroli bure.

Jumapili, 11 Novemba

Wakati wa sadaka sikuwa na kitu mfukoni ila kile kichuma. Nikakitumbukiza kikapuni. Kikalia kama shilingi. Mzee wa kanisa akanitazama kwa upendo.

Baada ya ibada tukatoka uwanjani. Nyuma yangu yalipangwa mavuno ya kunadiwa: maboga, viazi, mayai, kuku. Kiprugut akazunguka na baiskeli yake, akapiga kengele, akashuka. Zamu yangu. Teke la kwanza, kimya. La pili, moshi. La tatu, injini ikanguruma hata Naliaka akapiga makofi. Nikaingiza gia, nikaachia klachi, pikipiki ikaondoka kwa kasi, kinyumenyume. Nilipita kwenye maboga. Nilipita kwenye mayai. Nilisimamishwa na kiti cha Mama Mchungaji, ambaye kwa bahati alikuwa ameshakihama. Kuku wawili hawajaonekana mpaka sasa.

Naliaka alirudi nyumbani kwa njia nyingine. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumatatu, 12 Novemba

Kazi kapewa Kiprugut. Alikuja mwenyewe kuniambia, na kichuma mkononi, akaeleza kwamba bila hicho moto ulipiga mapema ukaizungusha injini kinyume. Mchungaji amesema Bwana ameona moyo wangu, lakini chuma hiki pikipiki inakihitaji zaidi. Naliaka amelichukua sinia lake, analisugua kwa majivu.

Nimefikiri sana. Injini si mbovu. Inavuta vizuri mno, ila upande ule. Nasikia mwezi ujao watatafuta mwinjilisti wa Gilgil. Basi leo nimeanza kugeuza kiti na usukani viangalie nyuma. Kichuma nimekitia mfukoni. Ni cha sadaka ya Jumapili.