Nukta-Mkato Katika Barua ya Muuaji

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeamka na mpango. Mzuri. Wa hatari kidogo.

Jumamosi hii klabu ya usomaji ya Sekondari ya Vilima Saba itachagua muswada mmoja wa kusomwa muhula mzima. Miswada ni miwili. Wangu ni Kifo cha Kiranja Mkuu: fumbo la mauaji kwa vijana, sarufi safi, maiti mmoja tu, wa heshima. Wa pili ni wa jirani yangu Abubakari, mwalimu mstaafu kama mimi, ila yeye wa Jiografia na mimi wa Kiswahili. Anauita Muuaji wa Mstarini. Kurasa themanini, maiti kumi na mmoja! Na kila mahali anaandika "yeye ndio". Vijana wanamshangilia.

Kitabu changu kina tatizo moja. Muuaji wangu anakamatwa kwa sarufi. Katika sura ya tatu anasema, "Kiatu hichi si changu." Hichi, badala ya hiki! Msomaji makini anaruka kitini. Wiki iliyopita nilimpa sura hiyo Shamila, katibu wa klabu, binti wa kidato cha nne kutoka Kolo. Ndiye pekee ambaye hajakosa hata somo moja la alama za uandishi ninalofundisha Jumamosi kwa kujitolea. Akasoma. Hakuruka. Akauliza kwa adabu kidokezo kiko wapi. Nikamwonyesha. Akasema, "Lakini mwalimu, si ndivyo linavyoandikwa?"

Nilikwenda kunywa maji.

Kwa hiyo nimeandika fumbo ambalo katika wilaya nzima ya Mpwapwa hakuna wa kulifumbua. Mke wangu, Dorothea, alisema muuaji adondoshe kitambaa chenye jina lake, basi, yaishe. Kitambaa! Badala yake nimeweka tanbihi chini ya ukurasa: "Kosa hili ni la mhusika, si la mwandishi." Siwezi kufa watu wakidhani ni langu.

Mpango ni huu. Nitaandika barua ya muuaji, yenye makosa, na kuificha maktaba. Ataiona mwanafunzi. Watajadili. Watachunguza lugha yake. Hamu ya fumbo itawapanda. Ijumaa nitajitokeza na muswada mkononi. Abubakari atabaki na maiti wake wote kumi na mmoja.

Nimeiandika leo mchana, kwa herufi kubwa na kwa mkono wa kushoto: KISU HICHI KITAKUTAFUTA IJUMAA; USIMWAMBIE MTU. MIMI NDIO NIMESEMA.

Mkono ulikataa "hichi" mara tano. Nilifumba macho.

Jumanne, 12 Agosti

Shule ilipokuwa mstarini nikaingia maktaba, nikaweka barua ndani ya atlasi. Atlasi kwa makusudi, ili Abubakari naye aguswe.

Saa nne na robo binti wa kidato cha pili akafungua atlasi kutafuta mto Rufiji. Akapiga kelele zilizosikika hadi sokoni Kibakwe. Wenzake wakapiga kelele bila kujua sababu. Matroni akaja mbio, ameshika mwiko. Hakuna aliyejadili lugha! Wote walisoma neno "kisu" wakaishia hapo.

Mkuu wa shule, Mwalimu Restuta, amesimamisha vipindi. Visu vyote vya jikoni vimehesabiwa na kufungiwa kabatini. Wanafunzi wamekula kabichi isiyokatwa.

Nilikuwa njiani kwenda kumweleza ukweli. Kweli kabisa. Lakini mjumbe wake akanikuta njiani: mkuu ananihitaji haraka, kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu wa lugha hapa Kibakwe, niichunguze barua na kumtambua mwandishi.

Mtaalamu wa lugha hapa Kibakwe. Ni maneno yake.

Nimekubali. Nitakiri kesho.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepewa meza, chai na daftari mia moja na kumi na mbili za kidato cha tatu na cha nne. Msaidizi wangu alikuwa Denis, mwalimu wa nidhamu, niliyemfundisha mwenyewe miaka ya tisini.

Nilikuwa na hesabu yangu. Kosa la "hichi" lingepatikana katika daftari nyingi, asingeweza kushukiwa mtu mmoja, jambo lingekwisha kimya kimya. Nilikosea kidogo tu. Limo katika daftari zote. Zote! Mia moja na kumi na mbili! Kazi ya miaka thelathini na minne! Niliomba chai nyingine.

Nikaandika taarifa kwamba kwa mujibu wa sarufi mshukiwa ni shule nzima. Nikavaa kofia niondoke.

Denis akaniambia nisubiri. Akaweka kidole katikati ya barua. Akauliza hiki kitone chenye mkia ni kitu gani.

Nikatazama. Nukta-mkato. Yangu! Imekaa mahali pake hasa, kati ya sentensi mbili kamili zinazohusiana. Nilifumba macho nilipoandika kosa, lakini sikufumba nilipoandika alama. Kwa kweli ni nukta-mkato nzuri sana.

Denis akapekua daftari zote upya. Nukta-mkato imepatikana katika moja tu. Ya Shamila. Anaitumia vizuri, masikini, kila ukurasa, kama nilivyomfundisha.

Mwanafunzi mmoja tu ameniamini, na kwa hilo amekuwa muuaji.

Mwalimu Restuta ameamua. Shamila arudishwe Kolo mpaka bodi ya shule ikae. Bodi inakaa Desemba. Mtihani wa taifa ni Novemba. Baba yake amepigiwa simu, anakuja kumchukua Ijumaa asubuhi. Mtoto aliambiwa mbele yangu. Hakulia. Alisema tu kwamba hajaandika barua ile, kisha akanitazama, kana kwamba mtaalamu wa lugha angeweza kusema jambo.

Mtaalamu wa lugha alikuwa ameshika kofia.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekiri! Saa mbili kamili asubuhi, ofisini kwa mkuu wa shule, nimesimama.

Hawakuniamini.

Mwalimu Restuta alinishika mkono. Akasema anajua ninavyompenda yule binti, na kwamba huruma yangu imemgusa. Nikasema si huruma, ni ukweli. Denis akacheka mpaka akakaa. Akasema, "Mzee wangu! Mimi uliniandikisha 'hiki' mara mia mbili kwa kosa moja. Mara mia mbili, mzee! Kidole hiki kilivimba. Leo uniambie wewe ndio umeandika hichi?"

Nikamsahihisha: wewe ndiye. Ilinitoka tu. Denis akamgeukia mkuu, akanyoosha mikono, kama wakili aliyeshinda kesi.

Nikaomba karatasi niandike mbele yao. Mkono wa kushoto, herufi kubwa. KISU HIKI. Nikafuta. KISU HIKI. Mara ya tatu nikafumba macho. Nilipofumbua, imeandikwa KISU HIKI, tena imepigiwa mstari.

Nikawapa muswada wangu: angalieni, sura ya tatu, nimeandika "hichi" kwa hiari yangu. Mwalimu Restuta akasoma tanbihi kwa sauti. "Kosa hili ni la mhusika, si la mwandishi." Akasema mtu anayeomba radhi kwa kosa la kiumbe asiyekuwepo hawezi kuandika barua kama ile na kuiacha bila tanbihi. Ni hoja nzuri.

Nikarudi nyumbani, nikaleta shajara hii. Denis akasema Jumatatu na jana zina wino uleule. Eti nimeandika yote leo asubuhi kumkinga mtoto. Akafurahishwa sana na kipande cha kabichi.

Mchana nilikwenda kumwomba Abubakari anishuhudie. Nikamweleza kila kitu. Akasikiliza akitafuna karanga. Akasema kama kweli mimi nimeandika hichi, yeye atarudi kwao Kondoa kwa miguu. Akaongeza kwamba hadithi yangu hii ya barua ni nzuri kuliko kitabu changu.

Dorothea peke yake ameniamini. Alisema hajawahi kunidhania vinginevyo. Kisha akauliza kitu kimoja: shule nzima wananiheshimu kwa nini? Nikajibu, kwa usahihi wangu. Akasema, basi, huo usahihi ndio unaomfukuza Shamila. Akaendelea kuchambua mlenda.

Ijumaa, 15 Agosti

Ninaandika kwa shida.

Nilifika shuleni saa moja na nusu. Baba yake Shamila, Bwana Faridi, alikuwa amekaa langoni juu ya tranka la binti yake, koti limefungwa vifungo vyote. Mkulima. Amesafiri kutoka Kolo siku mbili, amelala Dodoma stendi. Nilimsalimu. Akanijibu polepole, kwa Kiswahili cha kujichagulia neno moja moja, akaniuliza kama mimi ni mwalimu. Akasema binti yake anaandika nyumbani habari za mwalimu mmoja mzee anayemfundisha vitone. Akauliza kama namfahamu.

Nikasema namfahamu.

Shamila alisimama kando yake, sare imepigwa pasi, kwa safari ya kufukuzwa. "Shikamoo, mwalimu." Niliitika marahaba nikielekea mstarini.

Wanafunzi walikuwa mstarini. Watu mia nne, walimu mbele, bendera juu. Sikuomba ruhusa. Nikapanda jukwaani pembeni ya Mwalimu Restuta. Pakawa kimya, kwa kuwa wote wananijua, na kila mmoja alikuwa akifikiri ni kosa gani la lugha amelifanya.

Nilitazama langoni. Nikafungua kinywa.

Nikasema: "Barua hichi nimeandika mimi."

Mwalimu wa Kiswahili aliangusha chaki. "Barua hichi" hata si kosa la kawaida. Hakuna mtu aliye hai anayesema "barua hichi"! Nilikuwa nimezidisha dozi. Nikaendelea kabla ujasiri haujanitoka. Nikasema mimi ndio nimeiweka kwenye atlasi. Nikasema nilitaka wasome kitabu yangu. Nikasema Shamila hana kosa, kosa ni langu, yote, na visu vya jikoni virudishwe.

Jasho lilinitiririka hadi kwenye soksi.

Kisha ikatokea sauti moja nyuma, kidato cha kwanza nadhani: "Hee! Mzee Ndahani kasema kitabu yangu!" Mia nne wakapasuka. Wengine walikaa chini kwa kucheka. Matroni aliufunika uso kwa kanga. Mwalimu mstaafu Seth Ndahani, miaka thelathini na minne ya chaki nyekundu, nimesimama pale kama mwizi wa kuku.

Denis peke yake hakucheka. Alikuja akanishika kiwiko, taratibu, akanishusha. Akamwambia mkuu kwamba sasa anaamini. Alichokuwa hakiamini ni kwamba ninaweza. Nimeweza.

Mwalimu Restuta akaamuru tranka lirudishwe bwenini. Mimi nimepewa barua ya kunizuia kuingia maktaba mpaka mwakani, na nimemwomba radhi binti wa kidato cha pili, ambaye aliuliza kama mto Rufiji bado upo ukurasa uleule.

Bwana Faridi aliomba aonyeshwe alama iliyotaka kumrudisha binti yake. Nikamwandikia kwenye karatasi. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, kisha karibu. Akasema ni ndogo sana. Akaikunja akaiweka mfuko wa koti, akapanda basi.

Shamila amekwenda darasani. Kipindi cha pili. Hesabu.

Jumamosi, 16 Agosti

Klabu imepiga kura. Kwa kuwa nimefungiwa maktaba, walinipa kiti nje, dirishani.

Muuaji wa Mstarini: kura thelathini na nane. Kifo cha Kiranja Mkuu: kura mbili. Ya kwanza ni ya mlezi wa klabu, Mwalimu Evarista, ambaye amesema ameipiga kwa moyo wa utu. Ya pili imeharibika.

Abubakari alilipokea tangazo kwa mikono yote miwili juu. Akapita dirishani kunipa pole. Akasema, "Usijali, ndugu yangu. Wewe ndio mshindi wangu." Sikumsahihisha. Sina mamlaka tena.

Nilimwuliza Shamila alimpigia nani. Hakuinamisha kichwa. Akasema alimpigia Mzee Abubakari, kwa sababu kiranja wangu mkuu anakufa ukurasa wa sitini na nne, na msomaji amemchoka tangu wa kumi na tano. Kama angekufa mapema, alisema, ningepata kura yake. Sentensi zangu anazipenda, lakini sentensi peke yake haziui mtu.

Nilisimama dirishani nikimsikiliza. Amesema kwa utaratibu mzuri sana. Angekuwa Kolo leo, anapalilia vitunguu.

Nimekwenda nyumbani nikiwa nimeshindwa, na furaha sijui ilitoka wapi. Nimemwambia Dorothea nimejifunza mengi. Akasema tutaona.

Jumapili, 17 Agosti

Nimetafakari wakati wa mahubiri. Nimeelewa.

Shamila amekosea. Si kwamba kiranja wangu anachelewa kufa. Ni kwamba vijana hawa hawajawahi kumwona kiranja akifa! Watamthamini vipi maiti wa ukurasa wa sitini na nne kama hawajui maiti wa shuleni anafananaje? Wanahitaji kuona. Kwa macho. Mara moja tu.

Maktaba nimefungiwa. Maabara sijafungiwa, nimeisoma barua ya mkuu mara tatu, neno "maabara" halimo. Kesho kidato cha nne wana Kemia saa tatu. Nitaingia mapema, nitalala chini kati ya meza, shati jeupe, mkono mmoja umenyooka kuelekea mlangoni. Wataingia, wataniona, watahoji, watachunguza. Baada ya dakika kumi nitaamka na kugawa sura ya kwanza.

Dorothea amesema hataki kusikia, na hataki shati lile liguswe. Nitavaa la kanisani.

Damu ndiyo ilikuwa tatizo. Nimemwomba Abubakari anipake nyanya. Amekubali kabla sijamaliza sentensi.