Saa ya Kutikiswa na Mkungu Wangu wa Ndizi

Wenzangu wa kundi hili, mnanijua. Hakuna kitu duniani kinaweza kunishangaza. Nilitoka darasa la sita nikaingia kwenye mkokoteni, nikatoka kwenye mkokoteni nikaingia kwenye lori, na leo malori ni mawili na nyumba iko Nyanchwa, ya ghorofa (moja, lakini ni ghorofa). Nimeuziwa ng'ombe kipofu mchana kweupe. Nimepindukia mtoni na ndizi zangu zote na nikatoka nikiwa nimeshika kofia. Sishangai ng'o.

Leo nimeshangazwa na mkono wangu wa kushoto.

Ilianza wiki hii mjini Kisii, kwa Evans, yule anayeniuzia suti za mitumba. Akanionyesha saa. Bwana, saa! Ya Uswizi, ya dhahabu, nzito kama kufuli la ghala. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mkubwa fulani huko Nairobi. Dukani ikiwa mpya unauza lori. Evans alitaka elfu arobaini tu.

Nikamuuliza ina kasoro gani, maana mimi si mtoto. Akasema haina betri, inaendeshwa na mwendo wa mkono, na kwa sababu ya uzee ukitulia kidogo inasimama. Dawa yake ni kuinua mkono hadi begani na kuutikisa. "Hii ni saa ya mtu wa bidii, mzee. Mvivu haiwezi kumfaa."

Nikaona saa hii na mimi tumeumbwa pamoja.

Mke wangu, Mama Bosibori, hakuona hivyo. Alisema cha kutikiswa kabla ya kutumiwa ni dawa ya kikohozi. Tukabishana hadi nikapata hekima: nikamwomba Evans niivae Jumapili moja, niione mbele ya watu, jioni nimpe jibu. Alikubali. Zile elfu arobaini nikaziweka mfuko wa ndani wa koti, zikingoja.

Jumapili yenyewe ni leo. Tulikuwa na harambee Ekerenyo, uwanjani kwa kanisa, ya kumsaidia Mama Nyaboke. Huyu mama alianguka akichuma majani chai, akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji. Bili haijaisha. Mimi nilikuwa nimetoa mchango wangu mapema na kuongeza mkungu mmoja wa ndizi kwa ajili ya mnada. Sokoni mkungu ule ni mia saba. (Sawa, mia sita.)

Nikaketishwa meza ya mbele. Kiti cha tatu kutoka kwangu alikaa Nyakundi, mwenye duka la mabati, mtu ambaye akikohoa anataka risiti isomwe hadharani. Mama Bosibori aliketi kule ng'ambo na akina mama wa kanisa.

Mnada wa kwetu mnaujua. Vipaza sauti vinanguruma, hakuna anayesikia mtu, kwa hivyo bei haitajwi kwa mdomo. Unainua mkono, mnadi anaongeza. Na ukishainua, umeinua. Kurudisha mkono chini ukasema ulikuwa unajikuna ni aibu itakayorithiwa na wajukuu.

Hayo yote nayajua. Nimeyajua maisha yangu yote. Lakini saa ilikuwa imesimama.

Mnadi, Mwalimu Orina, mstaafu, aliinua mkungu wangu akaanza na mia tano. Mimi niko na mshale wa sekunde. Nikainua mkono, nikatikisa. Ukaenda. Nikashusha. Ukasimama. Nikainua tena, nikatikisa vizuri, dhahabu ikameta juani na watu wa viti vya nyuma wakageuka. Nikafurahi sana.

Nikasikia Mwalimu akisema elfu tano, meza ya mbele. Nikamtazama Nyakundi nikajua ni yeye. Elfu kumi, meza ya mbele. Nikasema moyoni, huyu leo amekunywa nini, ndizi elfu kumi? Nyakundi naye akawa ananitazama kwa jicho baya. Nikafikiri ni wivu wa saa. Nikatikisa tena ili aione vizuri.

Ng'ambo kule Mama Bosibori alikuwa amesimama ananipungia kiganja chini, chini, chini. Nikaelewa kola yangu imekaa vibaya. Nikaiweka sawa. Kwa mkono wa kushoto.

Elfu ishirini. Elfu thelathini. Nilimwegemea mzee wa kanisa aliyekaa karibu nami nikamwambia pesa bila akili ni hatari, na nikanyoosha mkono nikitikisa kichwa na saa pamoja. Hapo Nyakundi akakunja mikono kifuani.

"Elfu thelathini na moja na mia tano! Amechukua mwenye saa ya dhahabu!"

Nikapiga makofi. Nilipiga makofi peke yangu, wenzangu, kisha nikaona uwanja mzima unanitazama mimi.

Vigelegele. Akina mama wakaja na mkungu wangu wakiimba, wakauweka mbele yangu kama mtoto anayeletwa kubarikiwa. Nyakundi akaja kunishika mkono. "Ogeto, leo umenishinda. Wewe ni mwanamume." Nilikuwa natafuta maneno ya kueleza mambo ya Uswizi.

Nikasimama nieleze. Nimesimama kweli, kipaza sauti mkononi. Ndipo nikamwona Mama Nyaboke anakuja kwa magongo yake, polepole, watu wakimpisha. Wengine hamjui: nilipokuwa nasukuma mkokoteni pale pale sokoni Ekerenyo, bila viatu, huyu mama alikuwa akiuza uji. Siku ambazo sikupata mzigo alinipa kikombe na kuangalia pembeni ili nisione haya.

Akanishika mkono, huo huo wenye saa. Akasema taratibu, lakini kipaza sauti kikaichukua sauti yake yote: "Omwana one, mwanangu. Ule uji sikukupa ili unilipe."

Sasa hapo nani angetaja saa?

Nikaingiza mkono mfuko wa ndani, nikazitoa zile za Evans, nikahesabu. Mikono ilitetemeka na hata saa ikaenda bila kutikiswa. Halafu, kwa sababu mimi ni mimi, na watu walikuwa wanashangilia, nikasema kama wanavyosema wakubwa: "Nimenunua, na ninaurudisha uuzwe tena."

(Nilikuwa na mdomo tu. Akili ilikuwa bado inakuja nyuma.)

Safari hii nikajifunga. Nikaukalia mkono wa kushoto, nikaukalia kwa uzito wangu wote. Mwalimu Orina akaanza na elfu tano. Hakuna anayetaka kushindana na mimi. Basi mchungaji, aliyekaa nyuma yangu, akanigusa bega kwa upole akaniuliza ni saa ngapi, tufunge kwa maombi.

Nikatazama. Ilikuwa imesimama. Nikainua, nikatikisa.

"Elfu tano! Mkono ule ule!"

Baada ya maombi mweka hazina akatangaza kwamba bili imetimia, na hata nauli ya kliniki imebaki. Mama Nyaboke akalia. Mimi pia, lakini nilisema ni vumbi.

Jioni nikamrudishia Evans saa. Akaitikisa. Kimya. Akaitikisa karibu na sikio. Kimya kabisa. Nikaanza kujitetea, akacheka: "Usijali, mzee. Ilishanifia mara mbili kabla yako." Mara mbili, na alikuwa ananiuzia! Ningeinunua asubuhi, sasa hivi ningekuwa nimevaa bangili ya elfu arobaini. Nimemshukuru Mungu njia nzima. Nimemshukuru Nyakundi kwa kunipandishia bei. Hata Mwalimu Orina nimemshukuru, ingawa macho yake ni makali mno kwa mstaafu.

Mama Bosibori hajanicheka. Ameninunulia kalenda. Alichokataa ni utomvu wa ndizi kwenye viti vya gari, kwa hivyo mkungu umekuja Nyanchwa nyuma ya bodaboda kama mgeni rasmi. Zikiiva karibuni mle, mradi anayecheka aache kicheko getini.

Saa sikununua. Ndizi zangu mwenyewe, pamoja na bodaboda ya mia na hamsini: shilingi elfu thelathini na sita, mia sita na hamsini.