Kizibo cha Boti ya Binti Yangu

Jumatatu, tarehe 4.
Binti yangu kaleta boti, ya mtumba! Iko uani juu ya trela, imefunikwa turubai, kama maiti anayesubiri ndugu wa mbali. Sijaipenda. Mtoto ninaye huyu mmoja tu, na kuogelea kwenyewe anapiga maji kama anayefukuza nyuki. Jumamosi eti anaiingiza ziwani. Mdomoni nikasema hongera mwanangu. Moyoni nikasema huendi ng'o.

Jumanne, tarehe 5.
Fundi kaja kuikagua. Nikampelekea chai ili nimchimbe. Kasema boti hii haina panga la kuzunguka majini nje kama nyingine. Inafyonza maji tumboni, inayatema nyuma kwa nguvu, ndiyo mwendo wake. Hata mfuko wa plastiki ukiziba wavu wa chini, maji yanakoingilia, haitoki. Nikamwongezea sukari.
Nikauliza mwenyewe wa kwanza yuko wapi. Kasema ah, mama, yule alitoka nayo asubuhi, boti ikarudi peke yake. Injini imezimwa, imejipanga gatini vizuri kabisa. Mtu hakuonekana tena. Kisha akaomba kikombe cha pili!
Alipoondoka nikatambaa chini ya trela na gauni langu la zamani. Nikalisokomeza kwenye wavu. Likanivuta mkono kidogo, kwa ndani. Injini imezimwa. Nadhani ni misuli.

Jumatano, tarehe 6.
Gauni liko kwenye kamba ya nguo. Limefuliwa. Limebanwa mabegani kwa vibanio viwili.
Binti kaapa hajaligusa, alitoka alfajiri. Kaniuliza mama, unaumwa? Nikalitazama gauni, doa la miaka sita limetoka! Nimeogopa. Pia nimeumia. Limetakata kuliko nifuavyo mimi.

Alhamisi, tarehe 7.
Boti ina kizibo cha skrubu nyuma, chini kabisa, cha kumwagia maji ikiwa nchi kavu. Nimekifungua kwa koleo. Maji yataingia kidogo tu, mtoto ataogopa, atarudi nyumbani, atasema mama ulikuwa sahihi. Nitampikia. Mpango hauna kasoro.
Kilipotoka, boti ikashusha pumzi. Ndefu, ya mtu aliyechoka na wewe.
Kizibo nimekiweka kwenye sidiria. Ni cha baridi. Mpaka jioni hakijapata joto.

Jumamosi, tarehe 9.
Ziwani. Jua kali, maji kimya, hata ndege hakuna. Fundi akarudisha trela nyuma taratibu. Kabla boti haijagusa maji, pampu ya tumboni, ile ya kutoa maji yaliyoingia, ikaanza kuguruma. Fundi akasema ajabu, hiyo huamshwa na maji, na huku ndani kukavu. Akaingiza mkono. Kukavu kweli. Akaizima. Ikajiwasha. Akaizima tena. Ikajiwasha.
Ndipo akainama nyuma, akaona tundu.
Akasema kwa upole, bila kumtazama mtu, kwamba boti ikienda kasi maji hayaingii. Mtu akisimama katikati ya ziwa kupumzika, ndipo yanapoingia. Dakika kumi, kwisha. Nikakaa matopeni.
Binti akanitazama. Nikasema paka. Fundi akauliza ni paka gani huyo anayefungua skrubu. Nikasema wa jirani, ana tabia mbaya.
Fundi alikuwa na kizibo kingine. Akakifunga, pampu ikanyamaza hapo hapo. Mwanangu akaenda. Nikahesabu pumzi zangu mpaka mia saba. Akarudi, kalowa, anacheka kama alipokuwa na miaka minne. Nimelia sana. Nimekula mikate miwili.

Jumapili, tarehe 10.
Binti kalala. Nikaenda uani kuishukuru boti. Nikaweka kiganja ubavuni mwake. Kuna vuguvugu, ingawa ilikuwa kivulini. Nikasema ahsante, umenirudishia mwanangu, mimi ni mjinga, sitarudia. Nilisema kwa moyo wangu wote.
Halafu nikawaza, chombo chenye huruma namna hii hakiwezi kukasirika kikipumzishwa. Nikafungua waya wa betri. Nikautoa kabisa, nikaushika mkononi.
Honi ikalia. Mara moja, fupi, kama mkwe anayekohoa mlangoni.
Kwa hiyo kuna betri ya pili. Kesho mtoto akienda kazini nitaitafuta.