Kichwa cha Sentimita Sitini na Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Nimegundua! Nilikuwa nampima mteja wa kofia, nikajipima na mimi. Sentimita sitini na mbili! Fundi viatu, jirani yangu na mpinzani wangu wa uenyekiti wa mafundi, nikimkadiria kwa macho hafiki hamsini na tano. Kichwa kikubwa, akili nyingi. Jumamosi kwenye uchaguzi hana chake! Nilimweleza mke wangu. Akauliza suruali ya mwalimu itakwisha lini. Hana maono.

Jumatano, 5 Machi
Nimewapima wenzangu wote kumi na mmoja. Majina nimebandika ukutani, mwenye kichwa kikubwa juu. Mimi wa kwanza! Kinyozi, wa pili, kaapa kunipigia kura. Fundi viatu wa mwisho! Raha iliyoje!
Mama mkwe yuko kwetu wiki hii. Alikaa kwenye benchi langu akauliza, kwa upole kabisa, kama akivua kilemba akili zake zitapungua. Nilicheka sana. Kisha nikaacha kucheka.

Jumamosi, 8 Machi
Aibu! Nilisimama mbele ya mafundi wote nikaeleza elimu ya vichwa. Makofi! Mama mkwe, aliyekuja kutazama, akanyoosha mkono. Nikajua anataka kunisifu.
“Samahani, mwanangu, mimi sikusoma. Na ng’ombe je? Naye agombee?”
Kinyozi alicheka mpaka akadondosha kitana. Nikamjibu mama, kwa heshima zote, kwamba ng’ombe hawezi kusikiliza shida za watu.
“Kumbe kazi yenyewe ni kusikiliza watu!” akashangaa. “Sasa hapa kwenu nani huwasikiliza?”
Vichwa vyote, vikubwa kwa vidogo, vikamgeukia fundi viatu.
Kura kumi na moja kwake. Moja kwangu, na hiyo niliipiga mwenyewe. Eti akaja kunipa pole na kuniuliza kama nimekula. Upole wake unaudhi!

Jumapili, 9 Machi
Nimewaza tangu alfajiri. Mama mkwe kasema kweli tupu: kazi ni kusikiliza. Kumbe nilipima mahali sipo! Nimekwenda mbio kwenye kioo na kujipima masikio. Makubwa ajabu, hasa la kushoto! Mke wangu aliniita mara tatu, anasema, sikumsikia. Nilikuwa naandika barua ya kumtaka fundi viatu ajiuzulu.