Ghala la Theodosia Lageuzwa Kivutio

Kwa furaha isiyo kifani, wananchi wa Kasulu na Kibondo walitangaziwa kwamba maghala yao si maghala tena, ni vivutio. Kila ghala lililo kando ya barabara lingepigiliwa ubao mkubwa wenye mapambo ya rangi, mraba kwa mraba kama shuka la viraka, na watalii wangepita ghala hadi ghala wakishangaa na kuacha fedha za kigeni.

Wazo lilikuwa la Lukmani, Afisa Utalii, ambaye tangu aajiriwe hajawahi kumwona mtalii ila kwenye kalenda. Kamati yake ilikaa, ikanywa chai, ikaazimia ubao ukae upande unaotazama barabara. Kwamba milango ya maghala nayo inatazama barabara, hilo halikuwa kwenye ajenda. Lukmani aligundua misumari ikishagongwa. Aliona aibu, akaiita changamoto. Na waraka ulishatoka: ubao usiguswe na yeyote isipokuwa mgeni rasmi, siku ya uzinduzi.

Mgeni rasmi akaahirisha. Akaahirisha tena. Mvua za kwanza zikaanguka Rungwe Mpya, huko Kasulu.

Theodosia, mjane wa huko, akaingia ofisini na jembe begani.

“Afisa, mbegu zangu za maharage zimo ndani. Wenzangu wanapanda.”

“Mama, lile sasa ni Kituo Namba Moja cha Njia ya Utalii.”

“Yemwe!” akamaka Theodosia. “Na wanangu watakula kituo?”

Moyo ulimuuma Lukmani kweli, maana naye alilelewa kwa jembe. Basi akafanya kile ambacho afisa mwenye uchungu hufanya: akaunda kamati ndogo.

Hatimaye mgeni rasmi, Mheshimiwa, akafika, na msafara, na waandishi wa habari, na njaa ya safari. Hotuba aliikatisha katikati.

“Ratiba inasema chakula cha asili. Kiko wapi?”

“Maharage yapo, Mheshimiwa,” akasema Theodosia kwa adabu. “Yako nyuma ya utalii.”

“Ng'oeni huo ubao!”

Hakuna aliyesogea. Mgambo akapiga saluti, akamsomea waraka wote, pamoja na sahihi ya Mheshimiwa mwenyewe. Lukmani akamkabidhi Mheshimiwa nyundo.

Mheshimiwa aling'oa misumari akiwa ndani ya suti yake, jasho likimtiririka, kamera zikimmulika. Mlango ukafunguka. Theodosia akaingia, akatoka na gunia kichwani.

“Haya, jikoni upesi!” akasema Mheshimiwa akimeza mate.

“Baba, hizi ni mbegu, zina dawa ya wadudu. Ukizila tutakuzika hapahapa.”

Akashika njia ya shambani, na majirani nyuma yake. Lukmani akavua koti, akaazima jembe, akawafuata.

“Na sisi je?” akapaza sauti Mheshimiwa, nyundo mkononi.

“Nyinyi ni watalii,” Theodosia akajibu bila kugeuka. “Tazameni.”