Cheti cha Siha ya Prosesa

Kuanzia Jumatatu ya pili ya mwezi wa tano, ucheleweshaji ulifutwa rasmi katika wilaya yetu jijini Taipei. Hivyo ndivyo ulivyosema Waraka Namba Moja wa Ofisi ya Uharakishaji wa Huduma, waraka ambao kuandikwa kwake kulichukua miezi kumi na minne tu. Njia nayo ilitajwa: ingenunuliwa kompyuta moja ya mezani, na prosesa yake, yaani ubongo wake, ingeendeshwa kupita kasi iliyowekwa na kiwanda, kwa kuwa serikali haiwezi kupangiwa mwendo na kiwanda.

Kazi ya kuchagua prosesa alipewa Bwana Hsueh Po-wei, mkuu wa kitengo cha vifaa, mtu aliyewahi kununua viti mia tatu na kisivunjike hata kimoja. Mkurugenzi Kang Tsung-yuan alimweleza masharti kwa upole. Mashine ikizimika mbele ya wageni wa uzinduzi siku ya Ijumaa, au ikileta aibu ya aina yoyote, Bwana Hsueh atahamishiwa Keelung kusimamia ghala la miavuli iliyosahauliwa kwenye treni. Keelung mvua haikatiki. Miavuli haiishi.

Bwana Hsueh akaenda soko la Kuang-hua, kwenye duka la Tang Mei-yun, mama anayewauzia vitu vijana wanaoshindana kwa kasi za kompyuta.

"Karibu, mtanashati," alisema mama huyo, kama anavyomwambia kila mwanamume, mwenye nywele na asiye nazo. "Unataka ya kuandikia barua au ya kukimbiza?"

"Ya kukimbiza. Kwa mujibu wa waraka."

"Basi iliyofungwa kasi kiwandani usiiguse. Hata uipigie magoti, haiongezi. Chukua iliyoachwa wazi."

"Serikali inunue kitu kilichoachwa wazi? Watu wa usalama watasemaje?"

"Waje na kufuli lao. Halafu tafuta ubao mama, ule unaobeba prosesa, unaostahimili umeme mwingi, na kipoza joto kikubwa kama sufuria ya supu. Ila vyote hivyo kazi bure kama siha ni mbovu."

"Siha ya nani?"

"Ya prosesa, mtanashati! Tazama hizi mbili. Jina moja, boksi moja. Hii nimeijaribu, siha yake ya farasi: mizunguko bilioni tano na nusu kwa sekunde, na haijaguna. Pacha wake huyu, ukimpandisha kidogo tu, chali."

Bwana Hsueh akaandika: siha, farasi.

Pale sokoni neno hilo halimshtui mtu. Mkurugenzi Kang, ambaye si mtu wa sokoni, aliisoma ripoti ya Bwana Hsueh mara mbili, kisha akavua miwani.

"Siha yake ni nzuri kwa ushahidi gani?"

"Kwa kauli ya muuzaji, Mkuu."

"Bwana Hsueh. Hata mpika chai wetu hakuanza kazi bila cheti cha daktari."

Jumatano prosesa ilipelekwa zahanati. Ilisubiri zamu yake kwenye kiti, ndani ya kiboksi chake, na haikulalamika. Daktari alipima joto: nyuzi ishirini na nne. Mapigo ya moyo hayakusikika. Akauliza kama mgonjwa anavuta sigara.

"Hutoa moshi akizidishiwa umeme," alijibu Bwana Hsueh, ambaye hakupenda kuficha jambo.

Cheti kilisema: "Anafaa kwa kazi za kukaa. Asizidishiwe. Apate hewa ya kutosha." Mei-yun alipokisoma alikiri kwamba tangu afungue duka hajaona ushauri bora zaidi kuhusu kukimbiza prosesa.

Ijumaa wageni walifika. Juu ya kasha la mashine ilikuwapo pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi ambavyo jina lake lina maana ya "uwe mtiifu", kama ilivyo katika kila ofisi hapa, ili mashine iwe na adabu. Mkurugenzi alitangaza kwamba mashine imeamriwa kufuata zamu: jalada halitaruka jalada, hata liwe la mkubwa. Akapigiwa makofi. Mei-yun, aliyekodiwa kwa siku hiyo, akaanza kupandisha kasi hatua kwa hatua. Mara kioo kikawa cheusi.

Bwana Hsueh aliona miavuli.

"Tulia, mtanashati, imeguna tu," alinong'ona Mei-yun. Akapunguza kasi kidogo, kioo kikawaka.

Katika dakika kumi mashine ilikagua na kuchapa majalada yote yaliyokwama kwa miaka kumi na mmoja, 41,205 kwa idadi. Yalikosa kitu kimoja tu: muhuri wa Mkurugenzi, ambao kisheria hugongwa kwa mkono wake mwenyewe. Yaliletwa kwa mikokoteni.

"Nani ameiambia iende hivi?" aliuliza Mkurugenzi.

"Ni wewe, Mkuu," alijibu Bwana Hsueh.

"Ipunguze kasi!"

"Naomba amri ya maandishi, Mkuu."

Mkurugenzi akaandika amri mbili: ya kupunguza kasi, na ya kumhamishia Bwana Hsueh Keelung asubuhi ileile. Mashine ikazisajili kabla hajafunika kalamu, ikazipa namba 41,206 na 41,207, zingoje muhuri.

"Hii ya Keelung iko wapi?"

"Iko chini kabisa, Mkuu, chini ya ile ya kupunguza kasi."

"Itoe, niigonge kwanza."

"Kuitoa kunahitaji ombi," alisema Bwana Hsueh kwa heshima zote. "Ombi hilo litakuwa namba arobaini na moja elfu mia mbili na nane."

Wageni walikuwa wakitazama. Mkurugenzi Kang akachovya muhuri kwenye wino mwekundu, akagonga jalada la kwanza: kibali cha kuuza maandazi ya mvuke, kilichoombwa na mama mmoja miaka kumi na mmoja iliyopita. Mama mwenyewe, aliyesikia kwamba ucheleweshaji umefutwa, alikuwa amesimama mbele ya meza. Akakitazama kibali, akakigeuza.

"Mwanangu, umegonga kichwa chini miguu juu," alisema. "Rudia. Na ukaze mkono, wenzangu wamejipanga mpaka barabarani."